Usichague mji kwa macho ya Lutu

Neno la kusoma: Mwanzo 13:5-13, Hesabu 13:17-20, Matendo 18:1-3

Wapendwa wetu mlio Mahama, sisi ndugu zenu tunaosali hapa Kabeza, katika Kanombe, wilaya ya Kicukiro, tunawaandikia. 

Siku hizi kila anayekuja kututembelea anatuletea swali moja: "Tukitoka kambini, twende mji gani? Tuje Kigali, au twende Huye, Rubavu, Musanze?" Msaada wa chakula umepungua, watoto wamekuwa wakubwa, na kijana hataki kukaa bila kazi. Ni swali la haki. Sheria ya Rwanda inamruhusu mkimbizi kutembea na kufanya kazi, na kuhama si dhambi. Lakini tumeona nyumba zikivunjika kwa sababu ya swali hili: baba kaja mjini, mama kabaki na watoto, simu zikapungua, na mwisho hakuna anayejua nani ni wa wapi. Kwa hiyo tuliona vema tulilete mbele ya Neno.

JAMBO LA KWANZA: Lutu alichagua kwa macho.

Tukisoma Mwanzo sura ya 13 tunaona wachungaji wa Abramu na wa Lutu wakigombana, maana malisho hayakuwatosha wote. Abramu, ingawa ndiye mkubwa, alimwachia mtoto wa ndugu yake achague. Lutu akainua macho, akaliona bonde la Yordani lina maji mengi, akalichukua. Hakuuliza watu wa kule wanaishije, wala hakumwuliza Mungu. Mwisho wake tunaujua: katika sura ya 19 tunamkuta yule aliyechagua bonde zuri akikaa pangoni na binti zake wawili, mali yote imepotea.

Wapendwa, Kigali inaonekana vizuri kwa macho. Ukitoka Mahama kwa basi, ukishapita Kayonza, Rwamagana na Kabuga, unaona taa, magorofa na ndege zikishuka Kanombe. Ni mji wa watu zaidi ya milioni 1.7 kwa hesabu ya mwaka 2022. Lakini taa za barabarani hazimlipii mtu kodi ya nyumba. Hapa Kabeza chumba cha uani kinalipiwa kila mwezi, na wenye nyumba wengi wanataka kodi kabla hujaingiza godoro. Maji unalipa, makaa unalipa, umeme unanunua kwanza ndipo uwashe. Kazini kama ni mbali unalipa basi au pikipiki, uwe umepata kitu siku hiyo au hukupata. Kambini mambo haya mengi hayakuwa na bei.

JAMBO LA PILI: Musa alituma watu kwanza.

Mungu alikuwa amekwisha kuahidi nchi ya Kanaani. Hata hivyo Musa alituma watu 12 waende kuipeleleza. Aliwapa maswali: watu wake ni wengi au wachache? Miji yao ikoje? Ardhi ina rutuba au haina? Na waliporudi walileta matunda mkononi. Kumbe imani haikatazi kuuliza.

Basi na ninyi ulizeni. Serikali ya Rwanda ilichagua miji 6 ya kuikuza pamoja na Kigali: Huye, Muhanga, Musanze, Nyagatare, Rubavu na Rusizi. Kila mmoja una mkate wake. Huye, ambao wazee bado wanauita Butare, ni mji wa Chuo Kikuu. Anayeuza chakula, anayenyoa au anayefua nguo hupata wanafunzi, lakini wanafunzi wakienda likizo wateja hupungua. Musanze iko chini ya volkano, ni nchi ya viazi na ya watalii wanaokwenda kuona sokwe. Nyagatare ni ng'ombe, maziwa na mahindi. Rubavu iko mlangoni mwa Goma, na Rusizi mlangoni mwa Bukavu. Huko Kiswahili kinasikika sana sokoni, na wengi wetu tunavutwa na hilo. Lakini biashara ya mpakani husimama siku mpaka unapofungwa. Tena, mkimbizi anayevuka kurudi alikokimbia anaweza kuulizwa juu ya hadhi yake. Usiweke unga wa watoto wako juu ya mpaka usioweza kuuvuka.

Kabla ya kuuza hata sufuria, nenda ofisi ya kambi uulize mambo matatu: kadi yangu itakuwaje, msaada wangu utakuwaje, na nikishindwa naweza kurudi? Mkimbizi aliyeandikishwa mjini hutarajiwa kujitegemea. Usiyasikie haya ukiwa umeshafika. Uliza pia matibabu. Kambini unakwenda zahanati. Wakimbizi wa mjini walianza kuingizwa katika mitiweli mwaka 2019, lakini lazima ujue kama jina lako limo kabla mtoto hajashikwa na homa.

JAMBO LA TATU: Akila na Prisila walikwenda na kazi yao.

Hawa wawili walikuwa wakimbizi kama sisi. Kaisari Klaudio aliamuru Wayahudi watoke Rumi, nao wakaja Korintho. Walikuwa mafundi wa mahema, na Korintho ilikuwa mji wa bandari na wa biashara, wenye wasafiri wengi. Kazi ya mikono yao ilipata wateja, na hata Paulo alipofika alikaa kwao kwa sababu ya ufundi huo. Baadaye walihamia Efeso, kisha tunawakuta tena Rumi. Na Efeso na Rumi, kote wawili, Maandiko yanasema kanisa lilikuwa nyumbani mwao (1 Wakorintho 16:19, Warumi 16:3-5).

Kwa hiyo swali la kwanza lisiwe "mji gani ni mzuri?" bali "mikono yangu inajua nini, na ni mji gani una mahitaji hayo?" Fundi cherehani, fundi wa nywele, anayejua kujenga au kutengeneza simu, Kigali anaweza kupata nafasi. Anayejua ng'ombe na shamba, tunamwomba afikiri mara mbili kabla ya kuja Kabeza, maana hapa hata uwanja wa kufugia kuku hautoshi. Na lugha ya mteja ni Kinyarwanda. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, lakini muuza nyanya atakuambia bei kwa Kinyarwanda. Ndugu zetu wa Burundi wana nafuu, kwa kuwa Kirundi kiko karibu sana.

JAMBO LA NNE: Nyumba ikubaliane.

Tunaona Akila hatajwi peke yake hata mara moja. Kila mahali yuko na Prisila. Baba, usihame moyoni kabla mama hajakubali. Kaeni chini, andikeni gharama kama Bwana alivyofundisha juu ya mtu anayetaka kujenga mnara (Luka 14:28). Kama mmoja atatangulia, wekeni tarehe ya wengine kumfuata, na tarehe ya yeye kurudi kama mambo yamekataa. Wajulisheni wazee wa kanisa tarehe hizo. Watoto wanaosoma Paysannat wamalize mwaka wa shule.

JAMBO LA TANO: Anayebaki hajapungukiwa imani.

Abramu alibaki mlimani, na huko Mungu alisema naye. Msimwite mvivu aliyeamua kubaki Mahama. Labda amehesabu vizuri kuliko sisi. Na anayerudi kutoka mjini apokelewe bila kuchekwa. Mpeni kiti chake kwaya, msimwulize vitu vyake viko wapi.

Na wewe utakayehama, popote utakapokwenda, utafute amani ya mji ule na kuuombea, kama Yeremia alivyowaandikia waliochukuliwa Babeli (Yeremia 29:7). Jumamosi ya mwisho ya mwezi toka na jembe, ufanye umuganda pamoja na majirani. Jiandikishe kwa kiongozi wa mudugudu, tafuta kanisa wiki ya kwanza. Ukija Kabeza, tuambie kabla. Hatuna nyumba ya kukupa, lakini tutakuonyesha bei za kweli, na tutaomba pamoja nawe.

Bwana awape macho ya kuona zaidi ya bonde lenye maji. Amina.

Ni sisi ndugu zenu katika Kristo,
Kikundi cha maombi, Kabeza