Mgeni na Ufunguo wa Gereza

Je, yafaa mgeni aliyeruhusiwa kukaa siku zote katika nchi, lakini si raia wake, kukabidhiwa ufunguo wa gereza? Mwaka 1982 Mahakama Kuu ya Marekani iliiacha isimame sheria ya California iliyotaka walinda amani wawe raia. Waamuzi watano walikubali, wanne walikataa. Walisema, atumiaye nguvu za serikali juu ya raia imempasa awe raia mwenyewe. Hoja hii si ya kudharauliwa, maana mfungwa hawezi kumkimbia mlinzi wake. Lakini mgeni huyo huyo hupokewa jeshini. Akiaminiwa bunduki, mbona akatazwe ufunguo? Tangu 2023 California haidai tena uraia. Nami ningempa, ila akiisha kukaa miaka ya kutosha hata majirani wamshuhudie.