Mnyororo au Shina Moja?

Somo: Marko 5:1–20



Wengi wetu twaijua habari ya yule mtu wa nchi ya Wagerasi aliyekaa makaburini. Watu wa mji wake walikuwa wamemfunga mara nyingi kwa pingu na minyororo, naye akaikata. Tuangalie jambo moja. Watu wale hawakuacha kumgusa mgonjwa wao. Walimgusa, lakini kwa chuma. Hatusomi kwamba alikuwako mmoja wa kumwuliza jina lake. Bwana Yesu aliposhuka katika mashua ndiye aliyemwuliza.

Jambo hili wachongaji na wachoraji wametuonyesha kwa mikono yao, nasi twafaa kujifunza kwao.

Kwanza twende Unguja, katika Kanisa Kuu letu la Mkunazini. Hapo palikuwa soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873, na mwaka huo huo jiwe la msingi la kanisa likawekwa. Nje ya kanisa kuna shimo lililojengwa kwa mawe, na ndani yake wamesimama watu watano wa saruji. Ni kazi ya mchongaji wa kike kutoka Sweden, Clara Sörnäs, ya mwaka 1998. Watu hao wamefungwa shingoni kwa mnyororo mmoja. Wako karibu sana, hata ungedhani ni jamaa waliosimama kuzungumza. Lakini kila mmoja ametazama upande wake. Mnyororo umewaweka pamoja bila kuwafanya wawe wenzi.

Tusidhani hayo ni ya watu wa mbali. Sehemu kubwa ya watumwa waliouzwa pwani walitoka katika nchi zinazolizunguka Ziwa Nyasa. Ng'ambo ya Mto Songwe, pale Karonga, watu wa Mlozi, mfanyabiashara wa watumwa, waliwashambulia Wangonde mwaka 1887. Wengi waliuawa, na wengine wakachukuliwa mateka. Mlozi mwenyewe alinyongwa mwaka 1895. Wangonde ni ndugu zetu kwa damu na kwa lugha. Kwa hiyo tukitazama katika shimo lile la Mkunazini, twatazama nyuso ambazo zingeweza kuwa za nyumbani kwetu.

Pili, tutazame kinyago cha Wamakonde kinachoitwa ujamaa. Wengi wamekiona mjini, au katika picha. Mchongaji huchukua gogo moja la mpingo, akachonga wazee, akina mama, vijana na watoto, huyu amempanda huyu, huyu amemshika yule mguu, mpaka juu. Hagundishi kitu wala hapigi msumari. Wote wametoka katika gogo lile lile, na yeye hupunguza mti tu mpaka watu waonekane. Ukitaka kumwondoa mmoja ni lazima umkate, na ukimkata, jeraha hubaki kwa yule aliyembeba. Mtakatifu Paulo aliwaandikia Wakorintho habari hiyo hiyo alipofundisha juu ya mwili na viungo vyake.

Tatu, iko kazi ya kuchapa picha. Katika Nyumba ya Sanaa ya Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 1972, alifanya kazi George Lilanga, aliyezaliwa mwaka 1934 upande wa Masasi, akafariki mwaka 2005. Alichonga, akapaka rangi, na pia alichapa picha zilizojaa watu wenye masikio makubwa, wakisongamana na kucheza. Anayechapa hukwaruza mistari katika bamba, hulipaka wino, kisha huligandamiza kwenye karatasi. Karatasi ikikaa mbali na bamba, hata kwa upana wa kidole, haipati kitu. Waraka kwa Waebrania, sura ya kwanza, wamwita Mwana wa Mungu chapa. Mungu hakututumia salamu kutoka mbali. Alitukaribia hata akaguswa.

Basi, ndugu wa Mwaya, tujipime. Wazee wetu waliusifu sana ukwangala, yaani kukaa pamoja, kula pamoja na kuzungumza kwa furaha. Vijana wa rika moja walijenga kijiji chao ili wasitengane. Ni urithi mzuri, tena unakaribiana na Injili. Lakini wazee hao hao, mtu alipotuhumiwa uchawi, walimfukuza akajenge mbali. Na desturi hiyo haijafa. Yuko bibi kizee ambaye watoto wamekatazwa kupita uani kwake. Mpunga wa jirani ukiharibika, yeye hutajwa. Mtoto akiugua, yeye hutajwa. Jumapili tunapiga magoti pamoja naye altareni, tunapokea Mwili mmoja na Kikombe kimoja, kisha nje ya mlango hatumwambii hata "ugonile". Je, hapo tu shina moja, au tu watu watano wa Mkunazini?

Twajua kwamba si jambo jepesi. Atakayeingia nyumbani mwa bibi huyo atasemwa naye ni mshiriki wake. Hata Wagerasi, walipomwona mwenzao ameketi, amevaa nguo, ana akili zake, hawakufurahi. Waliogopa, wakamsihi Bwana aondoke. Lakini tuone Bwana alivyofanya. Yule mtu aliomba kufuatana naye, Bwana akamkatalia, akamwagiza arudi nyumbani kwa watu wake. Uponyaji wake ulipaswa kufika mpaka kwenye mlango wa jirani.

Kwa hiyo, kabla ya Ushirika Mtakatifu ujao, kila nyumba imtafute mtu mmoja asiyepigiwa hodi. Twende wawili wawili, mchana, watu wakituona. Tusiende kumhoji wala kumhubiria. Tumwite kwa jina lake, tuketi, tule anachotupa. Kula chakula cha mtu anayeogopwa kutasema zaidi ya mahubiri mengi.

Ee Bwana Yesu, uliyemwuliza jina lake mtu wa makaburini, utufundishe kuulizana majina, uikate minyororo tuliyoifunga kwa hofu, utufanye shina moja ndani yako. Amina.