Umeshauliza. Sasa Soma!

"Wadau, naombeni mnipendekezee kitabu kizuri. Na podikasti ya kusikiliza pia."

Umeandika hivyo mara ngapi?

Usinijibu mimi, jijibu mwenyewe. Fungua simu, utafute ujumbe huo kwenye kundi lako la WhatsApp, au kule Telegram, popote ulipoutupa. Uko hapo. Chini yake yamepangana majibu. Watu wasiokujua hata sura waliacha shughuli zao wakakuandikia majina ya vitabu vilivyowakosesha usingizi, wengine wakakueleza na sababu. Nawe ukajibu, "Asanteni sana wadau, Mungu awabariki." Ukaweka nyota. Ukapiga picha ya skrini. Ukalala.

Umesoma kipi?

Nauliza tena. Umesoma kipi?

Twende Forodhani, hapa Unguja. Magharibi imeshaswaliwa, makaa yameshika, pweza na ngisi wamepangwa mezani, mashine inakamua miwa na tangawizi na ndimu ndani yake. Mtu kaja na daladala ya Bububu, anauliza, "Leo urojo mzuri wa nani?" Anaelekezwa kwa kidole: pale, kwa yule mwenye kofia nyeupe. Anakwenda, anakaa ukutani, bakuli mkononi, anakula mpaka pilipili inamtoa jasho. Umewahi kumwona mtu aliyesimama Forodhani akakusanya majina ya wauzaji thelathini, akayahifadhi kwenye simu, akawashukuru wote, kisha akarudi kwao na njaa yake? Hayupo. Angekuwepo tungemcheka mpaka Mizingani.

Basi mtu huyo ni wewe.

Na usidhani nakukataza kuuliza. Uliza! Mji Mkongwe umejaa mabaraza ya mawe nje ya milango, na kazi yake ni hiyohiyo: mtu akae, aulize, aambiwe. Kundi lako la simu ni baraza tu lililopanuka, siku hizi WhatsApp inakubali watu 1,024 ndani ya kundi moja. Watu elfu moja na zaidi, na kila mmoja ana kitabu kimoja walau kilichomgusa. Hazina gani hiyo! Babu yako angeipata wapi?

Ila kwako kuuliza kumegeuka starehe. Majibu yakimiminika unajisikia umeshafanya kitu. Unaona raha ya msomaji bila kutoka jasho la msomaji. Orodha inarefuka, nawe unajiona unakua. Hukui. Orodha ndiyo inayokua.

Tena hebu tuitazame hiyo orodha yenyewe. Naijua bila kuiona. Rich Dad Poor Dad. The 48 Laws of Power. Think and Grow Rich, kilichotoka Marekani mwaka 1937, kabla babu zetu wengi hawajazaliwa. Sina ugomvi navyo. Vimo vyenye maana, na aliyevisoma akavifanyia kazi namvulia kofia. Lakini mbona majibu arobaini, na hakuna hata mmoja aliyekutajia Kuli?

Kuli, bwana!

Simama hapo hapo Forodhani, geuka, ipite Beit al-Ajaib, ifuate Mizingani na bahari ikiwa kushotoni mwako. Kabla hujachoka umefika bandari ya Malindi. Hapo ndipo mwaka 1948 wachukuzi wa mizigo walipoweka magunia chini wakasema basi. Mgomo ukasambaa mji mzima. Adam Shafi akauchukua mgomo huo, akamweka kijana anayeitwa Rashidi katikati yake, akaandika riwaya iliyotoka mwaka 1979. Kitabu kizima kuhusu watu waliobebeshwa mizigo ya wengine mpaka wakagundua kwamba wao ndio wenye nguvu. Unatafuta hamasa kutoka Marekani wakati hamasa imelala dakika chache kutoka ulipokaa unakula mishkaki?

Mwaka huohuo wa 1948, mwezi Disemba, Unguja akazaliwa Abdulrazak Gurnah, akakulia Malindi hiyohiyo. Akaondoka kijana mdogo baada ya Mapinduzi, akaangukia Uingereza, mkimbizi. Akiwa na miaka 21 akaanza kuandika. Riwaya yake ya kwanza ilitoka mwaka 1987. Piga hesabu! Miaka mingapi ya kuandika bila mtu kumpigia makofi? Nawe umeacha kitabu ukurasa wa tisa kwa sababu "hakijanivuta."

Tarehe 7 Oktoba 2021 akatangazwa mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Simu zetu zikawaka. Kila kundi likauliza: ni nani huyu? Ameandika nini? Nani ana PDF? Paradise, riwaya iliyofika kwenye orodha fupi ya tuzo ya Booker mwaka 1994, ilikuwa na miaka ishirini na saba duniani na sisi tulikuwa hatujauliza. Mwaka 2022 Ida Hadjivayanis akaileta kwa Kiswahili, ikachapishwa na Mkuki na Nyota kwa jina la Peponi. Kisingizio cha Kiingereza kikafa siku hiyo.

Umeisoma?

Na kwa kuwa PDF imetajwa, niseme langu nipite. Kijana anayenunua bando la wiki ili atazame vichekesho, kisha anaomba "mwenye PDF" ya mwandishi wa Kizanzibari aliye hai, asijiite mpenzi wa vitabu. Akisema hana pesa namwelewa. Maktaba Kuu iko Maisara, unafika kwa miguu kutoka Forodhani, na kitabu cha maktaba hakimuibii mtu. Mara ya mwisho uliingia lini? Ulipokuwa skuli?

Najua utakavyosema. Muda.

Muda huna? Wewe? Wewe unayeweza kunitajia kikosi cha Simba cha miaka kumi iliyopita, aliyefunga, aliyekosa penalti, na mwamuzi alikuwa nani? Kichwa kinachobeba yote hayo unaniambia kimeshindwa na kurasa kumi? Kichwa chako hakina tatizo. Kimelala. Na ni kikubwa, ndiyo maana najisumbua kukuamsha; mtu asiye na kitu ndani yake nisingempigia kelele.

Kurasa kumi kwa siku. Kumi tu! Kwa mwaka ni kurasa 3,650. Ni vitabu kumi na vinane vya kurasa mia mbili mbili. Nitajie mtu mmoja mtaani kwako aliyesoma vitabu kumi na vinane mwaka jana. Humjui. Mwakani mtu huyo anaweza kuwa wewe, na kitakachokugharimu ni nusu saa unayoitoa kila usiku kwa video za watu wanaoangukiwa na viti.

Macho yamechoka? Una masikio.

Hapa sikubali kisingizio hata kimoja, kwa sababu hapa Unguja tuna mwimbaji wetu, Siti binti Saad. Mtoto wa Fumba, aliyezaliwa mnamo mwaka 1880, binti wa wafinyanzi, akitembeza vyungu vya kuuza. Skuli hakuipata. Alichokijua alikipata kwa kusikia: akasikiliza, akarudia, akasikiliza tena. Mwaka 1928 akavuka bahari mpaka Bombay akarekodi santuri kwa Kiswahili, na sauti yake ikaenea pwani yote. Shaaban Robert akamwandikia wasifu. Mwanamke aliyenyimwa kitabu akawa kitabu. Wewe una hedifoni mbili masikioni kutwa, unasikiliza nini?

Boti ya kwenda Dar inakula karibu saa mbili. Daladala ya Nungwi nayo si ya haraka. Foleni ya Darajani tusiitaje. Saa hizo zote unakitumbulia macho kioo cha simu. Podikasti imetengenezwa kwa ajili ya mtu kama wewe, mtu ambaye mikono ina kazi na masikio yapo bure: unapika, unafua, unaendesha boda, unasuka ukili, mtu anakufundisha. Bando? Mazungumzo ya nusu saa yaliyorekodiwa kwa ubora wa kawaida wa sauti yanakula bando kidogo kuliko video. Pakua mahali penye Wi-Fi, sikiliza njiani bila kukatwa hata senti. Na usiniambie hakuna za Kiswahili. Idhaa za Kiswahili za BBC, DW na RFI zinaweka vipindi vyao mtandaoni. Salama Jabir anakaa na watu kwenye Salama Na, anawachimba maisha yao mpaka wanasema wasichopanga kusema. Hao ni wa kuanzia tu. Zimo nyingi, nyingine mbovu, nyingine dhahabu. Utajuaje ipi ni ipi kama husikilizi?

Sasa rudi kuuliza. Lakini uliza kama mtu mwenye njaa.

"Nipendekezeeni kitabu kizuri" si swali. Ni uvivu uliovaa kanzu. Kizuri kwa nani? Kwa kazi gani? Anayekujibu anakisia, na kwa kuwa anakisia anakutajia kile kile kinachotajwa na kila mtu. Hebu sikia swali la mtu aliye macho: "Nimemaliza Vuta n'kuvute. Yasmin amenikaa kichwani. Nataka riwaya nyingine ya Unguja ya zamani, ya Kiswahili, isiyo nene sana. Nani amesoma akamaliza?" Umeona? Amesema alipotoka, amesema anapotaka kwenda, na amewafungia mlango wanaotaja vitabu walivyoviona kwa majalada tu. Mtu huyo atajibiwa na msomaji wa kweli. Mmoja atamwambia chukua Kasri ya Mwinyi Fuad, uone shamba la karafuu likibadilika mikono. Mwingine atamwambia hapana, anza na Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed. Watabishana. Na katika ubishi huo atajifunza zaidi kuliko katika orodha yako ya vitabu hamsini.

Pokea jina moja. Moja!

Ukitajiwa matano, chagua moja papo hapo, mengine yaache yapite. Yatarudi. Kitabu kizuri hakikimbii; kitatajwa tena mwezi ujao na mtu mwingine.

Kisha toka nje ya simu. Nenda Jaws Corner, kaa na wazee wa kahawa, wakimaliza kugombana juu ya siasa na dhumna tupia neno moja tu: Bwana Msa. Uone macho yatakavyowaka. Muhammed Said Abdulla alimzua mpelelezi huyo wa kiko na Mzimu wa Watu wa Kale, hadithi iliyoshinda shindano la uandishi la mwaka 1957 na 1958, ikatoka kitabu mwaka 1960. Wapo watu waliokisoma wakiwa watoto na mpaka leo wanaweza kukusimulia nani alimuua nani. Hawajawahi kukusimulia kwa sababu hujawahi kuwauliza. Unauliza watu elfu usiowajua, na mzee aliye hatua tatu kutoka mlangoni kwako unampa salamu ya kupita.

Na dada yangu, wewe unayesema vitabu vya zamani si vyako, vyote vya wanaume: Zainab Alwi Baharoon ni wa hapa hapa Zanzibar. Riwaya yake Mungu Hakopeshwi ilipata Tuzo ya Mabati-Cornell ya fasihi ya Kiafrika. Aliandika. Aliketi akaandika mpaka akamaliza. Wewe hujaombwa kuandika. Umeombwa kusoma tu, na hilo nalo unasubiri Jumatatu?

Jumatatu ipi? Ulizosubiri mwaka jana zimekwenda wapi?

Nataka ufanye jambo moja ambalo karibu hakuna anayelifanya kwenye makundi haya. Mtafute yule aliyekujibu. Yule uliyemwambia asante ukampotezea. Mwandikie: "Kile kitabu ulichonitajia nimekipata. Niko ukurasa wa 40. Sikubaliani na mhusika mkuu." Utamfurahisha mno, kwa sababu ametaja kitabu hicho mara nyingi na hajawahi kurudishiwa habari. Atakujibu. Mtabishana. Hapo sasa una mwenzako wa kusoma naye, na mtu mwenye mwenzake haachi njiani kirahisi.

Basi. Maneno yamekuwa mengi, na kila dakika unayoitumia kunisoma mimi ungekuwa unamsoma Adam Shafi, ambaye kalamu yake imeniacha mbali kabisa. Usitume ujumbe leo. Usiombe orodha. Tafuta Kuli: iazime, inunue, ikope kwa jirani mwenye mtoto wa sekondari. Soma kurasa kumi usiku huu na kumi kesho mpaka ujue Rashidi kafikia wapi. Ukiimaliza, njoo kwenye kundi uulize kinachofuata, tutakujibu kwa furaha. Kabla ya hapo, nyamaza usome.