Watoto wa Ruwa na swali la Danieli



Klipu ya wale watoto wa Zimbabwe imeanza kuzunguka tena kwenye magrupu, na nimeshaulizwa zaidi ya mara moja: "Hivi Mkatoliki anaruhusiwa kuamini haya mambo?" Nitajibu, lakini kwanza tuiweke habari yenyewe sawa, maana wengi wanaibishania bila kuijua.

Ilikuwa Ijumaa, tarehe 16 Septemba 1994, katika shule ya msingi ya Ariel pale Ruwa, nje kidogo ya Harare. Walimu wako kikaoni, watoto wako nje kwenye mapumziko ya asubuhi. Watoto kama sitini hivi, wa miaka 6 hadi 12, wakarudi mbio wakisema wameona chombo kinachong'aa porini nyuma ya uwanja, pamoja na viumbe wenye mavazi meusi na macho makubwa. Wakapewa karatasi, wakachora. Baadaye mwaka huohuo akafika John Mack, daktari wa magonjwa ya akili kutoka Chuo Kikuu cha Harvard, akawahoji. Yeye aliondoka akiamini kwamba watoto wale hawakuwa wanadanganya.

Wanaopinga nao wana hoja, na si hoja nyepesi. Siku mbili tu kabla, usiku, anga la kusini mwa Afrika liliwaka kwa mabaki ya roketi ya Kirusi yaliyokuwa yakiungua yanaporudi duniani, na maneno ya vyombo vya ajabu yakawa mdomoni mwa kila mtu. Si kila mtoto aliyekuwa uwanjani aliona kitu. Halafu mwaka 2023, katika filamu ya Netflix iitwayo Encounters, mwanafunzi mmoja wa zamani alisema chanzo ni yeye: aliwaonyesha wenzake jiwe linalong'aa akawaambia ni chombo. Wenzake kadhaa, watu wazima sasa, wanashikilia kwamba waliona walichoona.

Lakini hoja inayonigusa zaidi ni hii: watoto walihojiwa baada ya kuwa wameshazungumza wao kwa wao, na mwanzoni wengine walihojiwa wakiwa kikundi.

Hapo nikamkumbuka Danieli. Fungua sura ya 13, habari ya Suzana (ndugu zetu Waprotestanti hawana sura hiyo katika Biblia zao, kwa hiyo usishangae wakikuuliza unaitoa wapi). Wazee wawili wanatoa ushahidi unaofanana kabisa, watu wote wanakubali, na binti anapelekwa kuuawa. Kijana Danieli anasimamisha msafara. Anasema wazi kwamba wazee wametoa ushahidi wa uongo, lakini haishii hapo. Anaomba watenganishwe, kisha anamuuliza kila mmoja peke yake: uliwaona chini ya mti gani? Kila mmoja akataja mti wake. Kesi ikaisha.

Pale Ruwa nafasi ya swali hilo ilipita mapema mno, na ukweli ni kwamba hairudi tena. Ndiyo maana miaka zaidi ya thelathini watu wanavutana bila kufika.

Sasa jibu langu. Kuhusu viumbe wa sayari nyingine, Kanisa halijakufungia mlango. Mwaka 2008 padre Mjesuiti José Gabriel Funes, aliyekuwa mkurugenzi wa kituo cha Vatikano cha kuchunguza anga, alisema wazi kwamba kufikiria uhai mahali pengine hakupingani na imani kwa Mungu Muumba. Ila kuwezekana ni jambo moja, na kutokea Ijumaa ile ni jambo lingine. Mimi siamini kwamba kuna mgeni aliyetua Ruwa. Siamini pia kwamba watoto sitini walipanga uongo. Mtoto anaweza kusema kwa moyo safi kabisa jambo ambalo halikuwa hivyo.

Na tazama Kanisa lenyewe lilivyofanya karibu na kwetu. Kibeho, Rwanda, tarehe 28 Novemba 1981, mwanafunzi Alphonsine Mumureke alisema amemwona Mama Maria. Wenzake walimcheka. Askofu hakucheka, wala hakukimbilia kutangaza muujiza. Mwaka 1982 ziliundwa tume, moja ya madaktari na nyingine ya wanateolojia. Wengi walijitokeza kudai nao wameona. Waliokubaliwa ni wasichana watatu tu, na tamko la askofu lilitoka tarehe 29 Juni 2001. Karibu miaka ishirini, jamani! Sisi klipu ya dakika mbili tumeshaisambaza kabla haijaisha.

Niseme kwa nini suala hili kwangu si la kupoteza muda. Mimi ni mlezi wa watoto wa Utoto Mtakatifu parokiani. Mtoto hukuletea habari za kila aina: kaona joka, kaona malaika dirishani. Siku moja mmoja anakuja taratibu, anasema kuna mtu mkubwa anamfanyia mambo asiyoyapenda. Kama wiki iliyopita ulimcheka kuhusu joka, hilo la leo hatakuletea wewe. Na ukirukia kwa hofu, "Alikushika hapa, eti? Ni fulani, si ndiyo?", umeshamtilia maneno yako kinywani. Kesho mbele ya polisi, nani atajua lipi ni la mtoto na lipi ni lako?

Kwa hiyo walezi wenzangu na nyinyi kaka na dada wakubwa: mtoe pembeni, peke yake, mahali mnapoonekana lakini hamsikiki. Mwambie, "Nieleze ilivyokuwa." Kisha nyamaza. Akimaliza, andika maneno yake kama alivyoyasema, hata yasiyoeleweka, na siku hiyohiyo uyafikishe kwa wanaohusika na ulinzi wa mtoto.