Nia Njema na Miche Iliyokufa

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, apasuaye mbegu na kokwa zikaota, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake. Amma baad.

Swali hili nimeulizwa na nafsi yangu kabla ya kuulizwa na watu, nami naliandika kwa kuwa ndugu zangu wengi wa pwani huenda limewapata, au litawapata, katika jambo lisilokuwa la bustani. Mtu akikusudia kheri, akaishika kazi asiyoijua, ikaharibika mikononi mwake, je, nia yake njema yamtoa katika dhamana?

Kisa chenyewe ni hiki. Hapa Mwanza tuna chuo kidogo cha watoto, na baadhi yao hulala hapo hapo. Tulipewa kipande cha ardhi upande wa Ilemela, juu ya ule mpaka wa mita 60 kutoka majini, ambao sheria ya mwaka 2004 imekataza watu kufanya kazi ndani yake. (Na aliyeona jinsi ziwa lilivyopanda mwaka 2020, likaingia katika bustani na nyumba za watu, hana haja ya kuelezwa maana ya katazo hilo.) Wazee wakanikabidhi fedha za chuo ninunue miche ya nyanya, niiatike, watoto wapate kitoweo. Mimi ni mtu wa pwani, nimezaliwa katika nyumba ya biashara, na jembe nalijua kwa jina. Nikasema moyoni, kazi hii ni nyepesi, nani asiyeweza kufukia mche? Nikanunua miche 80.

Nikaiatika siku ya Jumamosi mwezi wa Septemba, kabla ya vuli, baada ya sala ya adhuhuri, jua bado li utosini. Nikaing'oa kitaluni pakavu, mizizi mitupu pasipo udongo, nikailaza juani huku nachimba mashimo, kisha nikaifukia, nikainywesha maji kidogo, nikaenda zangu kwa furaha. Ardhi ya pale ni ile Wasukuma waiitayo luseni, mchanga uliotokana na majabali yaliyolika kwa miaka mingi, nao huyashika maji kama pakacha. Jumatatu asubuhi nalikuta miche 71 imelala chini. Ile 9 iliyosalia ilikuwa katika mstari mmoja, kando ya jabali kubwa ambalo tangu alasiri huitupia kivuli. Jabali lisilo na akili liliitunza amana ya watoto kuliko mimi niliyeaminiwa.

Hatua 20 kutoka kwangu ana bustani yake mama mmoja wa Kisukuma, mtu mzima, naye siku ile ya Jumamosi alikuwapo akipalilia. Jumatatu nikamwamkia, "Mwangaluka, mama," akaitika, akaja akaitazama miche. Akanieleza kwa upole ya kuwa kitalu hunyweshwa kwanza, mche ung'olewe na udongo wake. Na ya kuwa kuatika ni kazi ya jioni, ili mche upate usiku mzima wa kupumzika. Na ya kuwa hufunikwa kwa majani siku za kwanza, na majivu hunyunyizwa kuzunguka shina kwa ajili ya sota, mdudu akataye shina usiku. Nikamwuliza, "Mbona hukuniambia, mama?" Akasema, "Baba, hukuniuliza. Nami nilikuona una kanzu yako, nikadhani mtu wa vitabu anajua."

Neno hilo halijanitoka mpaka leo.

Wazee wa chuo walipopata khabari walinisamehe papo hapo. Mmoja alisema ni ajali ya Mungu. Mwingine akaitaja ile hadithi ya nia, ambayo Imamu Bukhari ameianzia kitabu chake, ya kuwa amali huhisabiwa kwa nia. Mtunza fedha, naye ni mtu mwema, alisema ya kuwa tukimtoza kila mwenye kujitolea, kesho hapana atakayejitolea. Maneno yote matatu ni mazuri, nami ningependa kuyakubali, kwa maana yananipendelea. Lakini kila nilipoyapima niliyaona hayatoshi.

Ama kusema ni ajali ya Mungu, hapana shaka hapana linalokuwa ila kwa kudra yake. Walakini Imamu Ghazali katika Ihya, mlango wa tawakkul, ameeleza ya kuwa mtu aachaye kupanda mbegu kisha akatumaini Mungu amwoteshee mimea, huyo hana tawakkul, ana wazimu. Nami naona aliyeuweka mche juani adhuhuri kisha akasema Mungu hakutaka uote, yuko jirani na mtu huyo.

Ama hadithi ya nia, ni kweli tupu, ila tuiweke mahali pake. Nia huifanya kazi ya halali kuwa ibada. Haiifanyi kazi iliyovurugwa kuwa kazi njema. Imepokewa kwa Mtume (s.a.w.) ya kuwa Mwislamu akipanda mmea, akala katika mmea huo ndege au mtu au mnyama, huandikiwa sadaka. Thawabu hiyo naitaraji hata kwa miche iliyokufa, kwa kuwa nia ilikuwapo. Lakini thawabu ni baina yangu na Mola wangu, na fedha ni baina yangu na watoto. Haki ya mja haifutwi kwa nia ya mwingine. Hata mganga, imepokewa katika Sunan ya Abu Daud, akitibu watu hali hajulikani kwa uganga, ni mwenye dhamana ya alichokiharibu. Wala hadithi haikusema akiwa na nia mbaya.

Limebaki neno la mtunza fedha, nalo ndilo lililonisumbua. Sharia yetu haimdhamini mwenye kushika amana ila afanyapo taksiri au avukapo mpaka. Basi je, kutojua ni taksiri? Wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafii humpa udhuru wa ujinga mtu aliyesilimu karibuni, au aliyekulia mbali na wenye elimu. Hawampi aliyeishi kati yao asiulize. Hayo wameyasema katika mambo ya dini, nami nakisia tu, lakini kipimo nakiona ni kile kile. Mwenye elimu niliyohitaji alikuwa hatua 20.

Kwa nini sikwenda? Hapa, ndugu yangu, ndipo ninapotaka kusema kweli hata ikinikera. Sikumwuliza kwa kuwa ameshika jembe. Babu zetu wa pwani waliliona jembe kuwa ni kitu cha mtumwa, na mwungwana ni wa duka, na jahazi, na kitabu. Hali ya utumwa iliondolewa katika sheria Unguja mwaka 1897, na Tanganyika mwaka 1922, lakini dharau iliyokuwa nayo haikuwa na sheria ya kuiondoa. Nimeirithi pasipo kuiomba, nikaja nayo mpaka ziwani, na siku ile ilinifunga ulimi, ikaua miche 71 ya watoto wa chuo.

Na ajabu yake ni kuwa katika sira ya Mtume wetu imo khabari ya kuatika miche, nayo ni khabari ya mtumwa. Salman Alfarsi aliandikiana na bwana wake wa Kiyahudi ajikomboe kwa miche ya mitende 300 na wakia 40. Sahaba wakamchangia miche, huyu 30, huyu 20, kila mtu kwa kadiri yake, na Mtume akamwamuru achimbe mashimo kisha amwite. Akaja, akaiatika kwa mkono wake mtukufu, na Salman amehadithia ya kuwa haukufa hata mmoja. Mtu atasema huo ni muujiza, nasi si mitume. Ndiyo, lakini tazama utaratibu wake: mashimo yalichimbwa kwanza, na sahaba wakashika majembe kumsaidia mtumwa, ndipo muujiza ukaja. Na yeye yule, watu wa Madina walipoacha kuipandisha mitende mbelewele kwa ajili ya neno lake na mavuno yakaharibika, aliwaambia ya kuwa wao ni wajuzi zaidi wa mambo ya dunia yao. Aliye bora wa viumbe hakuona unyonge kuwaachia wakulima ukulima. Mimi nimeuona kwa kanzu moja.

Basi mtunza fedha nalimjibu hivi: kosa langu si kushindwa, kwa maana kila mwanafunzi hushindwa; kosa ni kushindwa hali mjuzi yu karibu nami nimemdharau. Nikalipa fedha ya miche 71. Alizipokea kwa shingo upande.

Mwezi wa Novemba, mvua za vuli zilipokaa, niliatika mara ya pili miche mingine 71, jioni baada ya alasiri, pasipo kanzu, na mama yule akiwa amesimama juu yangu akinikemea kila niliposhindilia udongo kupita kiasi. Tulifunika kwa majani, tukanyunyiza majivu. Sota walikata miche 6 pamoja na hayo yote. Hiyo 6 sikuilipa.