Enyi Mnaobeti, Mnawindwa!

Ndugu zangu mnaosuka mikeka usiku na mchana, leo sikuja kuwasuta. Wa kuwasuta wapo, na wamewasuta hata mkaziba masikio. Nimekuja kuwasihi, kwa sababu mnawindwa, na anayewawinda anawajua vizuri.

Mtu asiyecheza akiletewa barua pepe ya "Hongera, umeshinda", huifuta papo hapo, maana hakuweka dau. Wewe uliweka! Tangu Jumamosi unaisubiri habari hiyohiyo, mkeka umebakiza timu moja, na tapeli anakuandikia lile hasa uliloliomba. Nembo ni ileile, rangi ni zilezile, ila katika anwani kuna herufi moja ngeni. Thibitisha akaunti yako hapa. Tuma picha ya kitambulisho. Lipa kwanza ada ya kutolea ushindi. Koma hapo, ndugu yangu! Aliyeshinda halipi ili alipwe. Na yule anayekuuzia "mechi za uhakika", kama kweli matokeo anayo mkononi, mbona habeti mwenyewe akanyamaza?

Sasa nisikilizeni juu ya nenosiri. Novemba 2022, huko Marekani, wateja wa kampuni ya kubeti ya DraftKings walikuta akaunti zao hazifunguki. Wezi walikuwa wamekusanya manenosiri yaliyoibwa kwenye tovuti nyingine, wakayajaribu kwa programu, na yaliyokubali yakawaingiza ndani. Zikaondoka takribani dola 600,000 kutoka akaunti zipatazo 1,600. Waliingilika kwa kuwa nenosiri la kule ndilo lililokuwa la huku! Nawe je? La barua pepe yako si ndilo la kubetia, na ndilo la Facebook? Libadilishe leo, kabla hujalala. Anza na barua pepe, kwani anayeishika hubonyeza tu "nimesahau nenosiri", akaletewa mengine yote. Weka uthibitisho wa hatua mbili. Na zile tarakimu zinazoingia kwenye simu usimsomee mtu yeyote, hata akijiita huduma kwa wateja, hata akikutajia jina lako kamili.

Jina atalitaja, maana kitambulisho ulimtumia wewe mwenyewe. Mlioko Tanzania, bonyezeni *106# muone ni laini zipi zimesajiliwa kwa namba yenu ya kitambulisho cha taifa (NIDA), isije ikawemo msiyoijua. Ujumbe wa kitapeli upelekeni 15040.

Lakini kinachoniumiza kuliko vyote ni kimya chenu. Mtu anaibiwa ada ya shule ya mwanawe, anajifungia, hasemi, kwa kuwa mke hajui kama anabeti. Tapeli anaitegemea aibu hiyo, na wakati wewe unajificha yeye anahamisha pesa kwenda laini nyingine. Kama yamekukuta, usingoje kupambazuke: upigie mtandao wako sasa hivi wazuie muamala, badilisha namba ya siri, asubuhi nenda polisi ukatoe taarifa. Na mkeo mwamshe, umwambie yote.