Upande wa Kusikia

Swali langu ni hili: mtu aliyenyamaza muda mrefu, tuna haki ya kumtaka aseme? Na kama ni lazima aseme, nani ajiandae, yeye au sisi tunaomsikiliza? Swali lenyewe sikulitoa kitabuni. Nililipata kwenye redio.

Mimi ni Mkongo, mtu wa Uvira. Nilikaa Nakivale, siku hizi ninafanya kazi kwa fundi mmoja hapa Industrial Division, Mbale. Sheria ya wakimbizi ya Uganda ya 2006 inaturuhusu kufanya kazi, basi nikashika mita na pasi ya kulehemu. Kazi zetu ni spika, televisheni, chaja za sola. Siku moja mteja akaleta sanduku la chuma, tukalishusha watu wawili. Aliliacha marehemu baba yake, askari wa zamani wa King's African Rifles, lile jeshi la Waingereza lililopeleka vijana wa Afrika Mashariki mpaka Burma mwaka 1944.

Ilikuwa Wireless Set No. 19, redio ya vifaru na magari ya vita. Nyingi za aina hii zilitengenezwa Kanada, zikaandikwa Kiingereza na Kirusi, kwa sababu zilipelekwa pia kwa jeshi la Kisovieti. Hii yetu ni mojawapo. Nikacheka. Askari wa KAR walielewana kwa Kiswahili, lakini usoni mwa redio hakuna neno hata moja la Kiswahili. Kama karatasi zangu mimi: habari zangu zote zimo, kwa lugha za wengine.

Nilitaka kuiwasha palepale. Mzee akanishika mkono. "Kijana wangu, unataka kuiua?"

Akanieleza. Redio ya valvu ikikaa miaka bila umeme, kapasita zake hudhoofika. Zile za karatasi hunywa unyevu, zikaanza kuvuja. Hizo haziponi, unazitoa unaweka mpya. Zile za kemikali zina utando mwembamba ndani unaozuia umeme kupita ovyo, na utando huo huliwa na muda. Ukizipa umeme wote kwa mara moja zinapasuka, pengine zinaondoka na transfoma. Ukizipa kidogo kidogo, utando unaweza kujijenga tena.

Zamani gari liliipa redio hii volti 12 za betri, kisha mota ndogo inazikuza: karibu 275 za kusikia, zaidi ya 500 za kurusha. Mota yetu ilikuwa imeshikana kwa kutu. Tukaamua kufufua upande wa kusikia tu. Kurusha kunataka leseni, na volti 500 si za kuchezea. Hata hizo 275 zinaua, bwana, mkono mmoja tunauweka mfukoni. Valvu tukazipa betri ya sola ya volti 12, ile ile mnayotumia huko kambini. Volti kubwa tukazitafuta kwa transfoma ya umeme wa ukutani, na katikati ya njia tukaweka balbu ya wati 60. Balbu ikiwaka sana, ujue ndani kuna shoti, zima haraka. Ikififia, endelea.

Tulikaa tukiitazama balbu. Hapo nikamkumbuka mama mmoja.

Kabla ya kuja Mbale nilikuwa mkalimani wa mahojiano. Mama huyo alikuwa hajaongea na mtu tangu avuke mpaka. Aliyeuliza alikuwa na fomu, nje kulikuwa na foleni, na jua linazama. Mama akaanza, akasimama, akaanza tena. Nikamwambia, "Mama, fanya haraka kidogo, watu wanangoja." Maneno hayo hayakuwa kwenye fomu, niliyatoa mwenyewe. Akafunga mdomo. Fomu ikaandikwa kwamba hana la kusema, na mimi ndiye niliyeitafsiri kimya ile.

Sisemi watu wasiulizwe. Bila maelezo hakuna ulinzi, na wote wanaofanya kazi hiyo wanajua uzito wake. Tena kuna upole wa uvivu: kumwacha mtu na mzigo wake, eti tunamheshimu. Redio iliyoachwa kabatini inaendelea kuoza.

Mwanzoni nilidhani mama yule ndiye redio, na kosa langu ni kumpa umeme mwingi kwa mara moja. Lakini mtu si redio. Redio haiwezi kusema "inatosha," ndiyo maana tunaiwekea balbu. Mama alisema inatosha, kwa kusimama. Balbu iliwaka mbele ya macho yangu, nami nikaongeza umeme.

Halafu, kazi ya sanduku hili tulilofufua ni nini? Kusikia. Kila valvu inakula karibu wati 2 za kujipasha moto tu, kabla sauti yoyote haijatoka. Anayetakiwa kupata moto kwanza ni msikilizaji. Siku ile sikuwa nimepata moto. Nilikuwa na saa mkononi.

Usiku ule redio ilianza kwa mvumo, kisha mikwaruzo, kisha mtu akisoma kwa lugha ambayo hakuna kati yetu aliyeijua. Mteja akauliza, "Anasema nini?" Mzee akamwonyesha kiti. Tukakaa tukisikiliza mpaka mwisho, bila kuelewa.

Mama yule sijui yuko wapi. Wewe unayeshika fomu kesho asubuhi, na wewe unayekaa katikati kama nilivyokaa mimi: yule wa kwanza kwenye foleni akisimama katikati ya neno, usimwongezee. Ngoja naye.